Kisichoonekana Hakijaondoka



Ndugu wasomaji, juma hili tumeiweka kando mada tuliyokuwa tumeiandaa, kwa kuwa barua moja iliyotufikia imetuzuia kuandika jambo jingine kabla ya kuijibu. Mwandishi wake ni mama kijana anayenyonyesha mtoto wa miezi mitano. Ametuomba tusitaje jina lake wala mji wake, nasi tumemtii.

Mumewe anaishi na virusi vya UKIMWI. Hakumficha. Alimweleza kabla posa haijakamilika, walii wake akiwapo, akamwonyesha kadi yake ya kliniki, naye akaridhia kwa hiari yake. Kwa miaka mitatu wameishi kwa amani. Kila mume alipopimwa wingi wa virusi, majibu yalisema havionekani. Na mke alipopimwa, hata wakati wa ujauzito na kujifungua, alikutwa salama. Baada ya Idi iliyopita, mtu mmoja anayejitangaza kuwa tabibu aliitazama karatasi ya majibu ya yule bwana, akamwambia kwamba kutoonekana maana yake ni kupona, na kwamba kuendelea kumeza vidonge ni kukosa shukrani kwa Mola aliyemponya. Bwana akaamini. Wiki mbili zilizopita, mkewe akipanga kabati, alizikuta chupa mbili za vidonge zikiwa bado na lakiri zake.

"Naogopa kumuuliza," ametuandikia. "Nikimwambia hajapona ataniona nimepungukiwa na imani. Nikinyamaza, namtazama mwanangu. Niambieni, ndugu zangu: kama hakionekani, kimekwenda wapi?"

Dada yetu, jibu fupi ni hili: hakikwenda popote. Mumeo hajapona. Kirusi kimo mwilini mwake, kimelala ndani ya chembe zile zile ambazo Mwenyezi Mungu amemjaalia ziwe askari wa kumlinda. Jibu refu linahitaji nafasi, nalo tunaliandika kwako na kwa kila nyumba yenye chupa iliyofichwa kabatini.

Askari aliyebeba adui

Katika damu na tezi zetu kuna chembe nyeupe ziitwazo seli za CD4. Kazi yake ni kumtambua adui aingiapo mwilini na kuziamrisha seli nyingine zimshambulie. Maradhi mengi huzikimbia seli hizi. Kirusi cha UKIMWI huziendea. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na ni nadra kuona maradhi yanayoufuata msemo huo kwa ukamilifu kama haya.

Kila seli ina kitabu chake cha maagizo, yaani vinasaba, kilichohifadhiwa ndani ya kiini. Humo mna maelekezo ya kila inachokifanya. Kirusi nacho kina maagizo yake, lakini yameandikwa kwa hati tofauti. Kinapoingia ndani ya seli, hufanya mambo mawili. Kwanza huyanakili maagizo yake kwa hati ile itumiwayo na seli. Kisha hukikata kitabu cha seli na kuushonea ukurasa wake humo. Tangu hapo seli haiwezi kuutofautisha ukurasa huo na kurasa zake yenyewe. Ikiusoma, hutengeneza virusi vipya, na hudhani inatimiza wajibu wake.

Seli nyingi zilizoingiwa namna hii hufanya kazi hiyo kwa siku chache tu, kisha hufa. Hao ndio virusi wanaojaa katika damu ya mtu asiyetumia dawa. Lakini ziko chache ambazo mambo yake huwa mengine. Mwili una desturi ya kuzilaza baadhi ya seli za kinga baada ya vita, ili zitunze kumbukumbu ya adui aliyepita. Ni kwa hifadhi ya namna hii kwamba mtu aliyeugua surua utotoni aghalabu haugui tena ukubwani. Seli hizi za kumbukumbu huishi miaka mingi, nyingine kwa kujigawa na kuacha warithi. Seli iliyolala hukifunga kitabu chake. Haisomi ukurasa wa kirusi, basi haitengenezi kirusi, wala haionyeshi juu ya ngozi yake alama yoyote ya kuwashtua walinzi wengine. Adui yumo chumbani, mlango umefungwa, na nyumba nzima imetulia.

Seli kama hizo hazikai katika damu peke yake. Nyingi zimo katika tezi za mtoki, katika kuta za utumbo na katika wengu. Kwa kadiri wataalamu walivyopima kwa watu wanaotumia dawa, yapata seli moja tu katika kila milioni moja za CD4 zilizolala ndiyo yenye kirusi kizima kinachoweza kuamka. Ni kiasi kidogo mno, na bado kinatosha.

Dawa inafanya nini, na kipimo kinahesabu nini

Kidonge kinachotolewa katika kliniki nyingi za nchi yetu huwa kimechanganya dawa tatu: tenofovia, lamivudini na dolutegraviri. Mbili za kwanza humzuia kirusi asiyanakili maagizo yake kwa hati ya seli. Ya tatu humzuia asiushone ukurasa kitabuni. Kwa hivyo seli ambazo bado hazijaingiwa hubaki salama. Zile zilizokuwa zikizalisha virusi hufa kwa ajali yake. Na damu husafika, aghalabu ndani ya miezi michache.

Lakini hakuna hata moja kati ya dawa hizo inayoweza kuuchomoa ukurasa uliokwisha kushonwa. Dawa hizi humkabili kirusi anapofanya kazi. Aliyelala hana kazi anayoifanya, basi dawa haina pa kumshikia. Ndiyo maana huitwa dawa za kufubaza virusi, wala hakuna mhudumu mkweli wa kliniki aliyepata kuziita za kuviondoa.

Na kipimo je? Kipimo cha wingi wa virusi huhesabu virusi vinavyoelea katika maji ya damu. Hakifungui tezi, hakichungulii ndani ya utumbo, wala hakisomi kitabu cha kila seli. Majibu yanaposema virusi havionekani, yamesema kweli kuhusu kile kilichopimwa: hakuna virusi vya kutosha kuhesabika vinavyoelea katika damu. Kuhusu seli zilizolala hayakusema lolote.

Mkulima ataelewa upesi. Shamba lililopaliliwa vizuri huonekana safi, udongo mtupu na mimea iliyonyooka, ilhali mbegu za magugu zimo ardhini kwa maelfu. Kila siku mbili tatu moja huchipua, na jembe huikata kabla haijatoa mbegu nyingine. Mtu akisema, "Shamba hili halina magugu, tuuze jembe," hajakosea katika alichokiona. Amekosea kuhusu udongo.

Hali ndiyo hiyo mwilini. Kila wakati baadhi ya seli zilizolala huamka, kwa homa, kwa maradhi mengine, au bila sababu inayojulikana. Zikiamka dawa ikiwapo, virusi vinavyotoka havipati seli mpya ya kuingia. Zikiamka dawa ikiwa haipo, moto huanza upya. Kwa watu wengi walioacha dawa, virusi hurudi kuonekana katika damu baada ya wiki mbili hadi nne hivi.

Jinsi wataalamu walivyolijua hili

Isidhaniwe kwamba madaktari walilisema jambo hili kwa kukata tamaa. Walianza na matumaini makubwa kuliko ya yule tabibu. Mwaka 1996, mchanganyiko wa dawa tatu ulipoanza kuwainua wagonjwa waliokuwa wakingojea mauti, walikuwapo watafiti mashuhuri waliopiga hesabu kwamba miaka michache ya dawa ingeweza kukifuta kirusi kabisa. Mwaka uliofuata, makundi matatu ya watafiti wa Marekani, likiwamo la Robert Siliciano wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, yalichukua seli zilizolala kutoka kwa watu ambao damu yao haikuonyesha virusi, yakaziamsha katika maabara, na virusi hai vikatoka.

Siliciano na wenzake waliwafuatilia wagonjwa kwa miaka kadhaa ili kujua hifadhi hiyo hupungua kwa kasi gani. Walikuta kwamba hupungua nusu kila baada ya miezi 44 hivi. Msomaji na apige hesabu mwenyewe. Mtu mwenye seli milioni moja za namna hiyo anahitaji nusu ishirini mfululizo ili abakiwe na moja. Miezi 44 mara 20 ni miezi 880, nayo ni zaidi ya miaka 73 ya kumeza dawa bila kukosa hata siku. Matumaini ya kukifuta kirusi kwa vidonge hivi peke yake yaliishia hapo.

Walijaribu pia njia ya kuwahi mapema. Mwaka 2010, katika jimbo la Mississippi nchini Marekani, mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi alianzishiwa dawa yapata saa 30 baada ya kuzaliwa. Alipofika miezi 18 dawa zake zikakatika. Aliporudishwa hospitali, madaktari walistaajabu kutokuta virusi katika damu yake, na mwaka 2013 habari zake zikaenea ulimwenguni kwamba mtoto amepona. Aliishi miezi 27 bila dawa na bila virusi kuonekana. Mnamo Julai 2014 ikatangazwa kwamba virusi vimerudi. Tunamkumbusha kila aliyeambiwa amepona kwa karatasi moja: mtoto huyo alipimwa kwa vyombo bora kuliko vyote vilivyokuwapo, mara kwa mara, na seli zilizolala hazikuonekana.

Je, hakuna aliyepona kabisa? Wapo, nao ni wa kuhesabika. Wa kwanza kujulikana ni Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin. Alipatwa na saratani ya damu, na mwaka 2007 akapandikizwa uboho wa mtu aliyezaliwa na hitilafu adimu ya vinasaba inayozinyima seli za CD4 mlango ambao kirusi huutumia kuingilia. Kinga yake ya zamani ikaondolewa, ikaota nyingine. Virusi havikurudi hadi alipofariki Septemba 2020, saratani yake iliporejea. Tiba hiyo ni ya hatari kubwa, hupewa mtu ambaye saratani ingemuua vinginevyo, na haifanani kwa lolote na chupa ya asali au majani yanayouzwa mlangoni mwa soko.

Kuhusu kuacha dawa kwa muda, nalo lilijaribiwa kwa uangalifu. Utafiti uliofanywa katika nchi nyingi kwa washiriki zaidi ya 5,400 uliwagawa watu makundi mawili: wanaoendelea na dawa, na wanaopumzika seli zao za CD4 zikiwa nyingi. Januari 2006 mapumziko hayo yalisitishwa, kwa kuwa waliopumzika walikuwa wakiugua magonjwa nyemelezi au kufa zaidi ya mara mbili ya wenzao. Mwaka huo huo watafiti waliokuwa wakilijaribu jambo kama hilo Uganda na Zimbabwe nao waliacha.

Neema iliyomo katika karatasi ile

Baada ya kusema haya, tusije tukaidharau ile karatasi. Ni neema kubwa, ikieleweka ilivyo. Mtu anayemeza dawa yake kila siku na virusi vikabaki havionekani hamwambukizi mwenza wake kwa tendo la ndoa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 kutoka nchi 14 za Ulaya, kwa jozi 888 ambazo mmoja ana virusi na mwingine hana, hayakuonyesha hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza anayetumia dawa ipasavyo, ingawa hawakuwa wakitumia kondomu.

Dada yetu, miaka mitatu ya usalama wako ilitoka hapo, kwa rehema za Mola. Kila kidonge alichokimeza mumeo kilikuwa ulinzi wake, wako na wa mtoto mliyekuwa hamjampata bado. Alipozifungia zile chupa kabatini, ulinzi huo wote uliondoka pamoja, nawe hukupewa habari.

Imani na kidonge

Tunafahamu kwamba fundo la barua hii halimo katika seli. Limo katika neno imani. Mumeo ameambiwa kwamba dawa na tawakkul haviketi nyumba moja, naye ameogopa kumkufuru Aliyemponya.

Mtume wetu (s.a.w.) alituamuru tujitibu, akatufundisha kwamba kila maradhi yana dawa aliyoiteremsha Mwenyezi Mungu. Na aliyemuuliza kama amwache ngamia wake bila kamba kwa kumtegemea Mola, alimwelekeza amfunge kwanza kisha ategemee. Kisomo ni dua, na dua haikatazwi kwa mgonjwa yeyote. Tunamwombea mumeo kama tunavyojiombea sisi. Lakini dua haijapata kumwamuru mtu aifungue kamba ya ngamia. Wanazuoni wameihesabu hifadhi ya nafsi kuwa miongoni mwa makusudio makuu ya sheria, na wamekubaliana kwamba Mwislamu hajidhuru wala hamdhuru mwenziwe. Anayemwambia mgonjwa aache dawa bila kipimo, bila elimu na bila kumuuliza mkewe, amejibebesha amana ya nafsi tatu.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2011 maelfu ya watu, wa dini zote, walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Miongoni mwao walikuwapo waliorudi majumbani wakaacha dawa za kufubaza virusi kwa kuamini wamepona. Seli zilizolala hazikuwa na habari ya safari hiyo.

La kufanya sasa

Kwanza, nenda ukapime wewe, leo au kesho, na uwaeleze wahudumu kwamba unanyonyesha na kwamba mumeo ameacha dawa. Mama akiambukizwa wakati wa kunyonyesha, virusi huwa vingi mno katika siku za mwanzo, na hatari kwa mtoto huwa kubwa. Ikiwa mmekutana ndani ya saa 72 zilizopita, waulize kuhusu dawa za kuzuia maambukizi, ambazo humezwa kwa siku 28. Kila saa inayopita hupunguza faida yake. Ukikutwa salama, utatakiwa kurudi kupima tena, kwa kuwa ambukizo la karibuni huenda lisionekane mara moja. Usimwachishe mtoto ziwa kwa uamuzi wako mwenyewe, waulize kwanza.

Pili, zungumza naye. Usimkabili kwa chupa mkononi mbele ya watu. Mtafutie saa ya utulivu, baada ya Isha mtoto akiwa amelala, umwambie kwamba umeziona chupa na kwamba unaogopa. Hukumwoa tabibu, umeolewa na mtu aliyekuwa na ujasiri wa kusema ukweli mbele ya walii wako. Mkumbushe ujasiri ule. Asipokusikia, mwite mzee mmoja anayemheshimu na anayejua kuficha siri, au imamu mwenye elimu, au mhudumu wa kliniki aliyemzoea.

Tatu, yeye na arudi kliniki bila kuona haya. Wahudumu wamewaona wengi walioacha na kurudi. Awaeleze kwa ukweli amekosa siku ngapi, apimwe, aanze tena kwa maelekezo yao. Mpaka kipimo kioneshe tena kwamba virusi havionekani, tumieni kinga au mjizuie. Na Ramadhani ikifika, kidonge cha mara moja kwa siku huweza kumezwa kati ya futari na daku. Azungumze na wahudumu mapema ili saa ipangwe, wala funga isiwe sababu ya kukosa dozi.

Nne, na hili twawaambia wasomaji wote. Ukimjua mtu mwenye maradhi haya, usimwekee mtihani wa imani. Wengi huacha dawa kwa sababu wamechoka kuzificha, wamechoka kuamka kabla ya wenzao ili wameze bila kuonekana. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mara nyingi sisi wenyewe ndio tuliomfundisha kuficha, kwa macho yetu na kwa vinywa vyetu. Nyumba ambayo chupa ya dawa inaweza kukaa mezani kando ya birika la chai ni nyumba ambayo dawa hailali.

Dada yetu, uliuliza kimekwenda wapi. Kimo, kimelala, na kidonge kimoja kila siku kinatosha kukizuia kisienee kikiamka. Watafiti bado wanatafuta njia ya kukiondoa kabisa, na tunamwomba Mola awafungulie. Mpaka siku hiyo, shukrani ya aliyehifadhiwa ni kuitunza hifadhi yake. Tuandikie tena ukishapata majibu yako. Tutaisubiri barua yako kama ya ndugu wa damu.

Wabillahi tawfiq.